Masaa Manane ya Vanishi

Mtaani kwetu naitwa Mama Mbao, na aliyenipa jina hilo ni jirani yangu mshonaji, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alinipa miaka thelathini na moja iliyopita, siku alipoingia jikoni kwangu kuomba chumvi, akatazama chini, akaisahau chumvi yenyewe. "Wee dada! Mbao jikoni? Mmelewa?" Hatukuwa tumelewa. Ila mume wangu alikuwa seremala, na seremala ukimwachia jambo lolote atalitengeneza kwa mbao, hata kama jambo lenyewe ni supu.

Mbao zilitoka kwenye ukumbi wa zamani uliokuwa karibu na karakana yake. Mninga mtupu, mzito, mwekundu, umekanyagwa na watu waliocheza dansi juu yake miaka nenda miaka rudi. Wenye ukumbi walitaka kuweka vigae, na zile mbao walikuwa wanazitupa. Mume wangu alizileta nyumbani kwa mkokoteni, safari kumi na moja, akazipanga uani, akazifunika turubai. Kwa miezi minne sikuwa na mahali pa kuanika hata soksi. Nilinuna, nasema ukweli. Nilimwambia sakafu ya mbao jikoni ni wazimu: hapa kuna maji, kuna mafuta, kuna sufuria zinaanguka. Akanijibu, "Ukisimama juu ya saruji kutwa nzima, ukizeeka miguu itakuuma. Mbao inakupokea." Nikamwambia impokee yeye. Lakini alizilaza moja moja, kwa magoti, na siku alipomaliza nilivua viatu nikasimama mbele ya jiko, nikahisi. Sikusema kitu. Mimi nina kisirani, siwezi kumsifu mtu siku hiyo hiyo. Nilimsifu baada ya wiki mbili, tena kwa kumfokea mshonaji aliyeingia na viatu vyenye tope.

Sakafu ya namna hiyo si ya mtu mvivu. Humwagi ndoo ya maji ukapiga deki kama watu wengine. Unakamua kitambaa mpaka mikono inauma, ndipo unapangusa. Kiti hakiburutwi, kinanyanyuliwa. Miguu ya meza tuliivalisha vipande vya blanketi kuukuu, mshonaji akacheka mpaka akakaa chini, eti hata meza yenu ina viatu vya kulalia. Na maji yakidondoka, hata tone moja, unafuta hapo hapo. Katika nyumba ile mume wangu alikuwa na amri moja tu, nyingine zote aliniachia mimi: "Kwanza kitambaa, maelezo baadaye." Mtoto kavunja glasi? Kwanza kitambaa, maelezo baadaye. Siku moja tuligombana vibaya mpaka nikamrushia kikombe cha chai. Kikombe kikampita, chai ikamwagika, na sote wawili tukajikuta tumepiga magoti tunafuta. Tulipoinuka nilishasahau tulikuwa tunagombania nini.

Kila mwaka, mvua zikikatika, tulikuwa na siku ya vanishi. Yeye anapiga msasa, mimi napangusa vumbi, halafu yeye na brashi, mimi na kopo, tunaanzia mlango wa sebuleni, tunarudi kinyumenyume ubao kwa ubao mpaka mlango wa nyuma, tunatokea uani. Kopo limeandikwa usikanyage kabla ya masaa manane, na sisi tulikuwa tunalitii kopo lile kuliko tulivyowatii wazazi wetu. Siku hiyo tunapikia nje kwa jiko la mkaa, tunakula tumekaa kwenye ngazi ya uani, tunachungulia jikoni kwetu kama wapita njia. Mwaka mmoja mwanetu, akiwa na miaka minne, alituponyoka akakimbia juu ya vanishi mbichi. Tulimdaka katikati. Alama za miguu yake mume wangu alizipiga msasa zote, isipokuwa moja, karibu na friji. Ile akaipaka vanishi juu yake, mwaka ule na kila mwaka uliofuata. Mpaka leo ipo: mguu mdogo wa kushoto, vidole vyote vitano.

Mume wangu ana miaka miwili kaburini. Alikufa jikoni. Mimi nilikuwa nimekwenda kumuuguza dada yangu, nimelala huko siku mbili, na mwanangu ndiye aliyemkuta. Alikuwa chini, kati ya meza na sinki, na jagi limeanguka naye, maji yote yamemwagika. Moyo, walisema. Yale maji yalikaa juu ya mbao tangu asubuhi mpaka jioni na hapakuwa na mtu wa kuyafuta. Pale pana doa jeusi, kubwa kama sinia. Nilianza kulipiga msasa mara moja, nikaachia katikati. Niligundua sitaki litoke.

Tangu hapo mwanangu ana wimbo mmoja: Mama, hama. Yeye ni fundi wa lifti. Watu wakikwama kati ya ghorofa na ghorofa wanampigia simu, anakuja na mikoba yake, anawatoa. Anaishi ghorofa ya tisa, nyumba nzuri, safi, vigae kila chumba, ukikanyaga asubuhi baridi inapanda mpaka kwenye meno. Anataka nikaishi naye. Yeye anatoka kabla jua halijachomoza, mkwe wangu ni muuguzi, zamu zake hazitabiriki, na mtoto wao mmoja yuko shule ya bweni. Kila akinieleza uzuri wa kuhamia, mimi najiuliza kimoyomoyo: nitazungumza na nani pale, na lifti?

Miezi mitatu iliyopita wezi walitikisa mlango wa nyuma. Hawakuiba kitu, walitikisa tu wakaondoka, lakini mwanangu alikuja siku hiyo hiyo na mchomeleaji, wakafunga grili ya chuma nje ya mlango ule, kufuli kubwa kama ngumi, na ufunguo wakautundika kwenye msumari sebuleni, pembeni ya kalenda. Mimi nikaacha kabisa kutumia mlango wa nyuma. Nguo nikawa naanika mbele, na majirani wote wakazijua nguo zangu za ndani.

Na akaweka masharti, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kujifungia viatu. Kila siku saa saba mchana atanipigia simu. Nisipopokea, atapiga tena. Nisipopokea mara tatu, atampigia mshonaji, ambaye amempa ufunguo wa mlango wa mbele, na mshonaji ataingia kuniangalia. "Na mama, nakwambia kabisa," akasema, "siku mshonaji akilazimika kuingia kwa ule ufunguo, siku hiyo hiyo unahama. Sitabishana."

"Sawa bosi," nikamjibu.

"Mama, sitanii."

Wiki moja kabla ya hayo ninayotaka kuyasimulia, alikuja, akasimama jikoni, akatazama chini. Miaka miwili ile sikuwa nimepaka vanishi. Mbao zilikuwa zimefifia, mbele ya sinki zimeanza kuwa za kijivu. Akatikisa kichwa. "Hata sakafu ya baba imekushinda," akasema polepole, bila ubaya, na ndiyo maana ikaniuma. "Jumapili ijayo nakuja na gari, tuamue." Gari. Mtu haji na gari kuja kuamua, anakuja na gari kuja kubeba.

Basi Jumamosi nikaamka alfajiri. Msasa nilishapiga tangu Jumatano, kidogo kidogo, nimekaa kwenye stuli ya chini kama mtu anayekamua ng'ombe, kila dakika kumi napumzika na kuutukana mgongo wangu. Kopo la vanishi nililinunua mwenyewe na kulibeba mwenyewe. Nikapangusa vumbi, nikafungua dirisha, nikafungua mlango wa nyuma harufu itoke, nikashika brashi. Nikaanzia mlango wa sebuleni. Ubao kwa ubao, narudi nyuma. Nikapita karibu na friji, nikaupaka ule mguu mdogo. Nikapita kwenye doa, nikalipaka nalo, taratibu zaidi. Ilikuwa kazi tamu, sitaki kudanganya. Mikono ilikumbuka. Kuna wakati niligeuka kumwambia mtu asogeze kopo, na mtu hayupo, kopo ninalo mwenyewe.

Saa nne kasoro nikamaliza ubao wa mwisho. Nikainuka, nikanyoosha mgongo, nikageuka nitoke uani kama nilivyotoka miaka yote.

Grili.

Lo! Nilisimama nimekishika kile chuma kwa mikono miwili. Kufuli limening'inia upande wa pili, linanitazama. Ufunguo uko sebuleni, pembeni ya kalenda, na kati yangu na sebule kuna sakafu nzima inang'aa, mbichi, hakuna hata mahali pa kuweka kidole gumba. Kichwa kilijua kuna grili. Miguu ndiyo haikujua. Miguu ilikuwa na miaka thelathini na moja ya kutokea pale, miezi mitatu ingeiambia nini?

Nilikuwa nimebakiwa na kizingiti cha saruji kati ya sakafu na grili, upana wake kama mkono mpaka kiwiko. Nikakaa. Nikacheka peke yangu, kicheko kizuri tu, mpaka nilipohesabu. Masaa manane tangu saa nne ni saa kumi na mbili jioni. Na saa saba mwanangu atapiga simu. Na simu, mpenzi msomaji, ilikuwa juu ya meza ya sebuleni.

Hapo kicheko kikaisha. Nikivuka, miguu yangu itaandikwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kesho mwanangu ataisoma kama gazeti: mama alijifungia ndani ya vanishi yake mwenyewe, akili imeanza kumtoka. Nisipovuka, simu italia mara tatu, mshonaji ataingia na ufunguo wake na mdomo wake, atanikuta nimekaa kizingitini kama kuku aliyenyeshewa. Ama hivi ama vile, nahama. Ningeweza kupiga kelele. Cherehani ya mshonaji nilikuwa naisikia, ukuta mmoja tu, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Lakini kumwita ni sawa na kumpa ufunguo mkononi. Nikafunga mdomo.

Masaa yalipita kama yanavyopita kwa mtu aliyefungiwa. Nilitazama uani kupitia nondo. Nilitazama jikoni. Kutoka pale chini, usawa wa sakafu, niliona vitu nisivyowahi kuviona: namna mbao za mbele ya jiko zilivyobonyea kidogo, pale nilipokuwa nasimama mimi, na nyingine mbele ya dirisha, pale alipokuwa anasimama yeye kunywa chai huku akiniudhi. Hatua nne kati ya mahali pake na pangu. Nikasema kwa sauti, "Ona sasa ulivyoniachia." Haja ndogo nayo ikaja, nayo haijui vanishi. Lilikuwepo kopo tupu. Sisemi zaidi.

Saa saba kamili simu ikalia.

Nilisimama. Iliita mpaka mwisho, ikanyamaza. Nikasubiri. Ikalia tena, na ile mara ya pili sijui kilichonipata, nilisahau grili, nilisahau gari, nilijua tu kwamba mwanangu ananiita na mimi siitikii. Nikakanyaga. Mguu wa kulia, wote, juu ya ubao wa kwanza. Nikahisi vanishi imenishika kwenye unyayo. Na simu ikakatika.

Nikabaki hivyo, mguu mmoja kwenye saruji, mmoja kwenye vanishi. Haya, nikasema, ya tatu hiyo inakuja. Ikija navuka, liwalo na liwe. Nikausikiliza ukimya. Cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama. Nikaurudisha mguu polepole, ukatoka kwa mlio mdogo wa kunata, nikakaa.

Ya tatu haikuja.

Mwanzoni nilishukuru. Nusu saa nzima nilikuwa natega sikio mlango wa mbele, nasubiri ufunguo uzunguke, na kila dakika ulipokuwa hauzunguki nilikuwa napumua. Nimepona, nikajiambia. Halafu ikafika saa nane, ikafika saa tisa, jua likahamia upande wa pili wa uani, na ile shukrani ikageuka. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimekaa pale naomba mtu asije, na hakuja, na nikalia. Nililia kwa hasira. Mara mbili tu? Mtoto wangu mwenyewe, ameweka sheria zake mwenyewe, hata hajazifuata? Angekuwa baba yake amebaki peke yake badala yangu, angepiga mara mbili? Na huyu mshonaji naye, kila siku ananichunguza dirishani ninapika nini, leo ndiyo kaamua kuwa na adabu?

Saa kumi na mbili jioni niligusa ubao kwa kidole. Umekauka. Nikavuka jikoni kwangu kwa vidole vya miguu, magoti yakigoma, nikaenda moja kwa moja kwenye simu. Mara mbili. Na ujumbe mmoja: "Naona una shughuli zako. Tuonane kesho mama." Niliusoma nikiwa nimesimama. Nikaoga, nikala mkate mkavu, nikalala.

Jumapili alikuja saa nne, na gari kweli. Akavua viatu mlangoni mwa jikoni bila kuambiwa. Alipotazama ndani alisimama ghafla, maana sakafu ilikuwa inang'aa mpaka unaona dirisha ndani yake.

"Umemwita fundi gani?" akauliza.

"Fundi alishakufa. Nimepaka mwenyewe."

Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya mbao, hivyo hivyo kama baba yake alivyokuwa anafanya, kwa kiganja chote, si kwa vidole. Alikuwa amepiga goti juu ya ule mguu wake mdogo, wala hakuuona. Akainua uso, akatabasamu. "Haya mama, nimenyoosha mikono. Mtu anayeweza kufanya hivi anaweza kukaa peke yake. Sitakusumbua tena."

Ndicho nilichokuwa nimekitaka. Ndicho nilichokalia kizingitini masaa manane. Na alipokisema nikajikuta sikitaki. Anaweza kukaa peke yake. Ningesema asante, tungekunywa chai, gari lingerudi tupu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hiyo asante. Lakini yeye alikuwa ameinuka, amekwenda mpaka mlango wa nyuma, na pale akasimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mguu."

"Naona ni mguu. Wa nani?"

Ningeweza kusema wa paka. Lakini paka gani wa saizi ile?

"Hiyo ni simu yako ya pili," nikasema.

Hakuelewa. Akautazama ule unyayo, unaoelekea sebuleni, mmoja tu, hauna wa kufuatia. Akautazama mlango, akaitazama grili na kufuli, akageuka akatazama kule sebuleni kwenye msumari. Kazi yake ni kuangalia mahali mtu alipokwamia na kujua alikwama vipi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Masaa mangapi?"

"Kopo limeandikwa manane."

"Kwa nini hukupiga kelele? Jirani yupo hapa hapa!"

"Ili aingie na ufunguo wako nihame? Si wewe uliyesema?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaiacha ipande. "Na mimi nilihesabu, baba. Tulikubaliana mara tatu. Ulipiga mbili. Ningekuwa nimeanguka je? Kutwa nzima unatoa watu usiowajua kwenye lifti, mama yako hata simu ya tatu hastahili?"

Alikaa chini. Pale pale sakafuni, mgongo kwenye kabati, mtu mzima wa miaka thelathini na tano. Alikuwa anatazama lile doa.

"Siku ile ya baba nilipiga tatu," akasema. "Sijawahi kukwambia. Ya kwanza nikasema yuko bafuni. Ya pili nikasema yuko uani. Ya tatu ikaita mpaka ikakatika, na nikajua. Nikiwa bado kazini, nikajua. Jana ilipokatika ya pili nikataka kubonyeza tena, mkono ukakataa, mama. Nikasema nisipopiga ya tatu, basi hakuna kilichotokea. Nikakuandikia ujumbe. Halafu sikulala."

Mama mwingine angemkumbatia. Mimi nilisema, "Kwa hiyo ningekuwa nimekufa, ningekaa hapo mpaka leo."

"Ndiyo," akasema.

Nikavuta kiti, nikakinyanyua kwa kweli, hata hapo sikukiburuta, nikakaa karibu naye, goti langu likagusa bega lake. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kunyamaza mkiwa wawili.

"Ningekuwa na akili ningekubeba leo," akasema mwishowe.

"Unipeleke nikakae na vigae?"

Akacheka kidogo, pua imeziba. "Kwangu pia utakuwa peke yako kutwa. Nimefikiria sana. Tofauti itakuwa ni mimi kulala vizuri tu."

"Basi nibakie huku, mmoja wetu alale."

Hakubishana. Alikwenda kwenye gari akarudi na nyundo, akapiga msumari pembeni ya mlango wa nyuma, ndani, mahali ninapofika bila kujinyoosha, akautundika ufunguo wa kufuli pale. Akaniuliza kama aupige msasa ule unyayo. Nikamwambia auache. Tukala, akanywa chai mara mbili, akanieleza habari za lifti moja yenye kiburi kuliko mimi, na saa kumi akaondoka kwa sababu kesho yake anaingia kazini mapema. Nilisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Halafu nikarudi ndani, na nyumba ilikuwa vile vile kama kawaida yake.

Nilikuwa kwenye sinki, naosha vyombo viwili viwili, jambo lisilonitokea mara kwa mara, simu ilipolia sebuleni. Nilijua ni yeye, amefika. Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka viwikoni. Kitambaa kiko begani, ningejipangusa, ningefika. Sikwenda. Nimeshasema nina kisirani. Nikaiacha iite mpaka mwisho, nikaendelea kusugua kikombe kilekile.

Ikalia ya pili. Nikaiacha nayo. Ikakatika.

Hapo nikajuta. Nilisimama mikono ndani ya maji, nikamwona amekaa kwenye gari lake chini ya ghorofa zake tisa, ameshika simu, na mkono umekataa. Nikasema moyoni, mwanamke wewe, umefanya nini? Maji ya sinki yalikuwa yanapoa. Kwa mshonaji cherehani ilikuwa imenyamaza, Jumapili hashoni. Sikuthubutu kwenda kuishika simu, nisije nikaikuta kimya. Nikahesabu mbao kutoka sinki mpaka mlangoni, nikazimaliza, nikaanza upya.

Ikalia ya tatu.

Nilikimbia. Nina miaka sitini na saba, na nilikimbia, nikalikanyaga doa, nikapita friji, mikono inachuruzika. "Nipo," nikasema kabla hajafungua mdomo. "Nipo, baba. Nipo." Nilisikia anahema. Nikageuka nikatazama nyuma yangu. Maji na povu vilikuwa vimedondoka juu ya vanishi mpya, kutoka sinki mpaka miguuni pangu, na kitambaa kilikuwa begani. Nikavuta kiti, nikakaa, nikayaacha.